Miksi ya giza ndo yenye dagaa

Mjomba wangu ni mvuvi wa dagaa, na mvuvi wa dagaa anaishi kwa giza. Mwezi ukijaa bahari yote inakua nyeupe, dagaa hawafati taa tena maana mwanga uko kila mahali, basi mashua zinakaa mchangani siku saba, nane, hata kumi, watu wanashona nyavu, wanacheza bao, wanalala usiku kama watu wengine. Ndo siku ambazo mi nampata mjomba nyumbani kwake Dunda, hapa Bagamoyo. Na mwaka 2023 ikatokea kwamba siku hizo hizo ndo Peter Gabriel alikua anaachia nyimbo za albamu yake ya i/o, kila mwezi mpevu wimbo mmoja, kuanzia Ijumaa ya tarehe 6 Januari mpaka mwishoni mwa Novemba, kwahiyo hii albamu sijaiskiliza na hedifoni chumbani kama ninavyoskilizaga albamu nyingine, nimeiskiliza barazani kwa mjomba, spika ndogo ya blutuu juu ya ndoo iliyopinduliwa, nyavu zinanuka chumvi, mwezi juu yetu. Nimekaa nayo muda mrefu kabla ya kuandika na bado inanisumbua, kwa uzuri wake na kwa pale ambapo naona imekosea.

Gabriel ni Mwingereza, kazaliwa 1950, ndo alikua mwimbaji wa Genesis, bendi ya roki walioianzisha wakiwa bado wanafunzi mwaka 1967, akajitoa 1975 akaanza kutumia jina lake mwenyewe. Ila ukiangalia wanaopiga humu ndani, Tony Levin kwenye besi, David Rhodes kwenye gitaa, Manu Katché kwenye dramu, hawa watu wako nae tangu miaka ya 70 na 80 huko, kwahiyo mi naihesabu hii kama kazi ya bendi, jina moja tu ndo limeandikwa kwenye kava.

Sisi wa Bagamoyo lakini hatukumjulia huko. Sisi tumemjua kwa mzee Hukwe Zawose. Mwanamuziki wa Kigogo kutoka Dodoma aliyekuja kuishi hapa, akafundisha Chuo cha Sanaa (ndo TaSUBa ya sasa hivi), akazeekea hapa na kufia hapa tarehe 30 Desemba 2003. Lebo ya Gabriel, Real World, ndo iliyotoa albamu yake ya Chibite mwaka 1996, ikaja Mkuki wa Rocho, ikaja Assembly aliyoifanya na mpiga gitaa Michael Brook, alafu mwaka 2002 Gabriel alivyofanya ziara Marekani akamchukua mzee Zawose na Charles Zawose wakawa wanafungua shoo zake, kwenye yale majumba makubwa ya mpira wa kikapu, ilimba (ule ubao wenye vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba) na zeze mbele ya watu maelfu. Mimi nilikua mdogo. Nachokumbuka ni sauti tu, ukipita jioni karibu na kwao unaskia ilimba inalia, na ukishaiskia ilimba ya Kigogo kwa karibu huwezi kuisahau kwasababu haitoi noti safi peke yake, ina mvumo. Kwenye ubao wanatoboa vitundu wanavifunika na utando wa buibui, ule mweupe mgumu kama karatasi ya sigara, ukigonga chuma noti inatoka na utando unatetemeka, zzzzz, kama nyuki yuko ndani ya sanduku. Ukiutoa utando, ilimba bado itapiga noti zilezile, lakini haitakua ilimba. Naomba uukumbuke huo mvumo maana nitaurudia.

Sasa i/o. Albamu yake ya mwisho yenye nyimbo mpya tupu alizotunga mwenyewe ilikua Up, na ilitoka 2002, yani mwaka uleule ambao mzee Zawose alikua nae njiani. Miaka 21 imepita hapo katikati. Ndani ya miaka 21 mtu anazaliwa, anasoma, anaoa. Na aliporudi hakurudi kimyakimya, akaja na mpango mkubwa kweli: nyimbo 12, kila moja inatoka mwezi ukijaa, kila moja ina kazi ya msanii wa kuchora au kuchonga imeambatanishwa nayo (Ai Weiwei wa China yumo, Olafur Eliasson yumo), na kila wimbo una miksi mbili kamili. Moja ameifanya Mark Stent, ambae wanamwita Spike, inaitwa Bright-Side, upande wa mwanga. Nyingine ameifanya Tchad Blake, inaitwa Dark-Side, upande wa giza. Ipo na ya tatu lakini hiyo ni ya maspika ya kuzunguka chumba kizima, sio ya baraza. Nyimbo zilezile, sauti ileile, wapigaji walewale, ila watu wawili wameketi kwenye meza mbili tofauti wakapanga kipi kiwe mbele na kipi kirudi nyuma. Tarehe 1 Desemba 2023 vyote vikatoka pamoja, ukitaka kuiskiliza yote, mwanga na giza, ni zaidi ya saa mbili.

Nina rafiki yangu anapiga gitaa, tumekua wote Magomeni, yeye alikasirika kabisa. Anasema msanii akikupa miksi mbili maana yake kashindwa kuamua, kazi ya kuamua kakuachia wewe mskilizaji na hela yako ya bando. Anasema miaka 21 halafu hajui anataka dramu iwe wapi! Tulibishana pale kwenye kijiwe cha kahawa mpaka muuza kahawa akatuambia jamani punguzeni sauti. Namheshimu sana kwenye mambo ya muziki lakini hapa sikubaliani nae hata kidogo na nitasema kwanini.

Nenda kwenye tamasha pale TaSUBa, kaa siku mbili, waskilize watu walewale wakipiga ngoma ileile leo na kesho. Haiwi ileile. Jana mpigaji wa ngoma kubwa alikua anaongoza, leo kaamka vibaya kajirudisha nyuma, waimbaji wamechukua nafasi, wimbo umekua mzito zaidi, na hakuna mtu anauliza sasa hii ya kweli ni ipi. Zote za kweli. Ni studio ndo iliyotuzoesha kwamba wimbo una sura moja, kwasababu kanda ilikua moja, sahani ilikua moja, lazima uchague. Gabriel ana miaka 40 na zaidi anaskiliza muziki wa watu wengine duniani, tamasha la WOMAD alilolianzisha na wenzake lilifanyika mara ya kwanza mwaka 1982, na mi naamini kabisa huko ndo alikojifunza hiki kitu, kwamba wimbo ukiupa nyuso mbili hujadanganya, umesema ukweli. Kwahiyo kwa hili nampa heshima yote. Mwenyewe amewafananisha hawa wawili, Spike akamwita mchoraji na Tchad akamwita mchongaji, na mtu yeyote aliyewahi kusimama pale wachongaji wanapofanyia kazi hapa mjini anaelewa tofauti yake mara moja, mchoraji anaongeza rangi juu ya rangi, mchongaji anaondoa, anaondoa, mpaka kile kilichokuemo ndani ya gogo kitoke.

Na mimi, kwa moyo wangu wote, niko upande wa mchongaji.

Ngoja nieleze na wimbo mmoja, Four Kinds of Horses, ule wa mwezi mpevu wa Mei. Msingi wake ni hadithi ya Kibudha ya farasi wanne. Wa kwanza anakimbia akiona kivuli tu cha mjeledi, wa pili mjeledi ukikaribia ngozi, wa tatu ukishampiga, wa nne mpaka maumivu yafike kwenye mfupa. Humo Gabriel anazungumzia dini, namna dini inavyoweza kumfikisha mtu kwenye amani na namna inavyoweza kumfikisha mtu kwenye kuua wenzake, kitu kizito sana na hakukipigia kelele, kakiimba taratibu. Nilimtafsiria mjomba ile hadithi ya farasi. Akakaa kimya kidogo akasema, "Yule wa kwanza ndo nahodha, mjomba. Anaona wingu tu keshashusha tanga. Hawa wengine wote nimeshawazika." Alisema hivyo hivyo, akaendelea kushona wavu.

Kwenye miksi ya mwanga huo wimbo ni mzuri, kila kitu kiko wazi, vinanda vimepanda juu vimeng'aa, sauti iko mbele imesafishwa. Ni kama umeingia sebuleni kwa mtu mwenye uwezo. Kwenye miksi ya giza besi ya chini imeachiwa nafasi, sauti yake imekaribia mpaka unaiskia pumzi, unaiskia ina miaka 73, ina mchanga ndani, na vile vinanda vimesukumwa mbali kama taa za mashua ukiwa ufukweni. Kuna mahali karibu na mwisho ambapo vyombo vyote vimejaa, kwenye mwanga unaona vyote kwa pamoja na kwa kuviona vyote huogopi chochote, kwenye giza unaskia kitu kikubwa kinakuja na hukioni. Huo ndo mvumo ninaousema. Ule utando wa buibui. Tchad Blake kauacha, Spike kaubandua, na sisemi Spike hajui kazi, anajua mno, ila kajua kusafisha.

Na hapo ndo lilipo tatizo langu na hii albamu kama kitu kizima. Imesafishwa sana. Miaka 21 ni mingi, wimbo ukikaa nao miaka yote hiyo unaupangusa kila siku, kila ukipita unapangusa kidogo, mwisho hata alama ya kidole haibaki. Love Can Heal kwa mfano, nimejitahidi nayo, nimeiskiliza kwenye mwezi, nimeiskiliza mchana kwenye daladala naenda Dar, lakini kwangu ni kama kanga isiyo na jina, rangi nzuri, kitambaa kizuri, unaigeuza pande zote unatafuta maandishi hayapo. This Is Home nayo ina mdundo mtamu mwanzoni ambao ungenifanya nisimame, alafu kwaya ikiingia naona kama mtu kaja kutandika kitambaa cheupe juu ya meza watu wakiwa bado wanakula. Olive Tree ipoipo tu.

Ila kuna nyimbo tatu ambazo kwa ajili yake nitamtetea huyu mzee mbele ya mtu yeyote.

Ya kwanza Playing for Time, Machi. Piano na sauti, vyombo vingine vinaingia kwa adabu. Anahesabu kumbukumbu, anajiuliza muda uliobaki ni wake au sio wake. Mjomba hajui Kiingereza zaidi ya cha kuuzia samaki kwa watalii, lakini wimbo ulivyoisha aliniambia, "Irudishe hiyo," nikairudisha, akaskiliza kichwa ameinamisha, akasema, "Huyu anaaga." Sikuwa nimemwambia chochote bado. Yani mtu kaandika wimbo Uingereza kwa lugha yake na mvuvi wa Bagamoyo kautambua kwa kuskia tu jinsi sauti inavyoshuka mwisho wa mstari. Hapo mtu akiniambia albamu ni ndefu, au ni ya kizee, au haina ngoma ya kuchezeka, namskiliza tu.

Ya pili ule wenye jina la albamu, i/o wenyewe, uliotoka Aprili katikati ya Ramadhani, tulikua tumetoka kufuturu, mjomba alienda tarawehe akarudi ndo tukauskiliza. Kitu kinaingia kitu kinatoka, ndo maana ya jina, kwamba mtu hajafungwa kama chupa, anapokea na anatoa, ameungana na kila kinachomzunguka. Soweto Gospel Choir wako humo, na hapa kwaya imekaa mahali pake kabisa, haijatandika kitambaa, imesukuma. Huu peke yake ndo nakubali miksi ya mwanga inaushinda wa giza, na sioni aibu kusema maana mchana nao una kazi zake, dagaa wanakaushwa na jua.

Ya tatu And Still, na hii ni ngumu kidogo kwangu kuiandika. Kamuimbia mama yake aliyefariki. Ilitoka tarehe 28 Oktoba, Jumamosi, na wanaokumbuka watakumbuka usiku ule mwezi ulipatwa, kipande kidogo tu, kama mtu kaung'ata pembeni kidogo kwenye mida ya saa tano na kitu usiku. Watu walikua nje. Msikitini walisali swala ya kupatwa kwa mwezi, na mjomba alivyorudi tukakaa palepale barazani. Mama yangu mimi ni dada yake mjomba, dada yake wa tumbo moja, na hayupo tena. Nikaupiga huo wimbo bila kumwambia unahusu nini maana nilijua nikisema sauti yangu itakatika. Ni wimbo wa polepole, hauna haraka hata kidogo, anaelezea vitu vidogo vidogo vya mtu aliyempenda, alafu vyombo vinachukua nafasi ya maneno, vinakaa hapo muda mrefu kuliko ulivyotegemea, na ule urefu ndo wimbo wenyewe. Tuliangalia lile pengo kwenye mwezi mpaka likaziba. Mjomba hakuniuliza wimbo unasema nini. Aliniambia tu, "Mama yako alikua anapenda mwezi ukiwa hivi, anatoka nje anakaa pale," akaonyesha na kidevu pale penye mnazi.

Nasema hivi ili nieleweke. Mtu anayetoa nyimbo zote siku moja asingenipa usiku ule. Kutufanya tusubiri mwezi ujae kulikua na maana kwangu, na ndo jambo kubwa zaidi kwenye mpango wake wote, kubwa kuliko zile miksi, kubwa kuliko wachoraji. Siku hizi albamu inatoka Ijumaa, Jumatatu watu wameshaisahau. Hii nimeishi nayo mwaka. Agosti mwezi ulijaa mara mbili, tarehe 1 na tena tarehe 30 kuamkia 31, kwahiyo tukapata nyimbo mbili ndani ya mwezi mmoja wa kalenda, na mjomba ambae anahesabu siku zake zote kwa mwezi wa mbinguni aliona ni kawaida kabisa, kalenda ya ukutani ndo imekosea. Albamu ilienda kushika namba moja Uingereza, sawa, lakini nani mwingine kwenye hiyo biashara yao kapanga kazi yake kwa saa ambayo mvuvi wa Dunda anaisoma bila simu?

Halafu kuna jambo ambalo liliniuma na linaniuma mpaka leo. Ndani ya i/o sikuiskia Bagamoyo. Simdai, hana deni, albamu ni yake. Ila nilikua naskiliza kila mwezi nikitegea, labda hapa, labda kwenye ule mdundo, labda kwenye Road to Joy ambayo ina joto, kwamba ule mvumo wa mzee Zawose utajitokeza hata sekunde mbili, kwasababu walisafiri pamoja na kwasababu ile sauti ikishakuingia haitoki. Haikutokea. Alafu Juni 2024 wakaja The Zawose Queens, Pendo Zawose ambae ni binti wa mzee Hukwe, na Leah ambae ni mjukuu, wakatoa Maisha, lebo hiyohiyo ya Real World, imerekodiwa hapahapa Bagamoyo nje kwenye hewa, na mwezi huohuo wakapanda jukwaani kwenye tamasha la Glastonbury huko Uingereza. Wanawake wanapiga ilimba na chizeze, vyombo ambavyo Ugogoni vilikua vya wanaume, mwanamke kazi yake ilikua ngoma ya muheme na kuimba. Ukiiskiliza Maisha baada ya i/o ni kama umefungua dirisha. Kuna hatua za miguu, kuna pumzi za watu, kuna noti inatetemeka pembeni na hakuna aliyeikimbilia na kitambaa. Mi nadhani ndo albamu ambayo i/o upande wa giza ulikua unaitafuta, na imetoka nyumba chache tu kutoka nilipokua nimekaa mwaka mzima na spika yangu.

Sitaki mtu aelewe kwamba naipiga teke i/o. Ningempa Gabriel nyimbo nane badala ya 12, ningemnyang'anya kitambaa cha kupangusia mapema, kama mwaka 2010 hivi, na ningemwambia aanze na giza. Basi. Zile nyimbo tatu zitabaki na mimi.

Ile Desemba 2023, albamu ilipokua imeshatoka yote, tukaingia giza. Jioni nilimkuta mjomba anaweka taa kwenye mifuko, betri ziko pembeni, vijana wameshatangulia kwenye mashua. Ana redio ndogo ya memori kadi, wanaifunga kwenye mlingoti inawaimbia taarabu na kaswida usiku kucha. Akanipa ile kadi. "Niwekee ile ya farasi," akasema. Nikamuuliza mjomba zipo mbili, nikuwekee ipi? Akaniangalia kama nimeuliza swali la kitoto.

"Si tunaenda gizani?"

Nikaiweka. Nilishuka nao mpaka kwenye maji, nikasukuma mashua pamoja na wale vijana, maji yakafika kiunoni, injini ikawaka ikafunika kila sauti. Baadae nikakaa mchangani naangalia taa zao zinawaka moja moja huko mbali, na sikuweza kujua ipi ni ya mjomba.